Nyaya Mpya Nyumbani kwa Mama

6 Februari

Dada yangu, Matroni,

Shikamoo.

Kwa heshima na taadhima, na kwa masikitiko yasiyo na kifani, familia inakutangazia kwamba tumbo la mdogo wako halipiti tena kwenye tundu la dari. Tukio hilo lilitokea Jumanne asubuhi nyumbani kwa Mama, mbele ya mashahidi wawili: Mama mwenyewe na paka wa jirani. Kichwa kilipita bila upinzani. Mabega yakapita kwa kusukumana. Tumbo likafika mlangoni, likatazama kulia na kushoto, likakataa. Nikabaki nusu mbinguni, nusu duniani, miguu ikiitafuta ngazi kama ya mtoto anayejifunza kuogelea.

Mama, huku chini, akauliza, "Umeshafika juu?"

"Nusu, Mama."

"Nusu ipi?"

Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Basi walau siku hiyo nilifaa kwa kitu.

Huku sote wazima. Mke wangu anakusalimu sana na anasema ile krimu ya miguu uliyomtumia imekwisha, nami nakwambia imekwisha kwa sababu anajipaka mpaka magotini. Watoto wanakula kama wamefunguliwa kamba. Mama anakusalimu. Kalamu bado hataki kuishika. Anasema mkono unatetemeka, kwa hiyo ile mistari yake miwili ya chini ya barua usiitegemee safari hii pia. Na simu ya ofisini kwenu nimeikoma. Karani anayeipokea hunihoji kama mwanafunzi mtoro.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mkaguzi wa umeme alipita kusoma mita, akafungua boksi la fyuzi, akatia pua, akarudi nyuma. Nyaya za nyumba ile ni zile za zamani zenye ganda la mpira, na mpira wenyewe sasa ukiuminya unamomonyoka kama biskuti. Waya wa ardhini hamna, nyumba nzima. Ametupa mpaka mwisho wa Mei. Zikiwa hazijabadilishwa, anakata.

Nimekagua mwenyewe na, kusema kweli, nashangaa tulikulia humo na bado tuna nyusi. Marehemu Baba alikuwa seremala, Mungu amrehemu, na alifunga umeme kiseremala: swichi aliiweka popote alipokuta ubao. Ile ya korido ndiyo kichekesho. Iko mwisho kabisa, pale ngazi za kushukia jikoni zinapoanza, kwa hiyo mtu anavuka giza lote ndipo awashe taa.

Kwa kuwa dari limenikataa, nyaya mpya nitazipitisha ukutani, na swichi zote zitahama. Nitaziweka mahali penye akili.

Mdogo wako,
Fyuzi


27 Februari

Mdogo wangu Fyuzi,

Marahaba. Tangazo lako nililisoma kwa sauti wakati wa chai, wenzangu wakasimama kidogo kwa heshima ya tundu la dari. Mwambie wifi yangu apunguze kukujazia sahani, na krimu nyingine namtumia.

Hapa tunaendelea. Bweni la juu wamepata upele, wiki nzima nimeshinda nachemsha mashuka. Miguu inavimba jioni, ila ndiyo miguu ya mtu anayesimama, siyo ugonjwa, kwa hiyo usianze kunipa pole.

Kuhusu nyaya sina neno. Badilisha zote. Lakini swichi usizihamishe. Nakuomba, na nikimaliza kukuomba nakuamuru kama dada yako. Kila swichi irudi palepale ilipokuwa, kwa urefu uleule, na ukiweza pata zile zenye kishikio kinachochomoza, siyo hizi bapa za siku hizi. Hasa ile ya korido. Ile usiiguse.

Usiniulize kwa nini. Baba aliziweka kwa mkono wake. Chukua hiyo iwe sababu.

Unamtembelea Mama siku gani na siku gani? Ukifika, piga hodi kwa sauti kabla hujaingia, usimtokee ghafla kama ulivyo na tabia yako. Na viatu vyako usivivue katikati ya njia.

Nisalimie wote.

Dada yako


30 Machi

Mheshimiwa Matroni,

Shikamoo, na pole na upele.

Barua yako ilinikuta nimeshachonga kuta, tindo mkononi, vumbi mpaka kwenye meno. Nikaisoma nikiwa juu ya ngazi. Nikasema, haya, sasa matroni wa bweni anamfundisha fundi umeme mahali pa kuweka swichi. Kesho nitakuja huko nikufundishe kuchemsha mashuka.

Dada, najua unampenda Baba. Hata mimi. Lakini Baba angekuwa hai angeiona kazi hii akavua kofia. Nyaya mpya tupu, waya wa ardhini umezikwa vizuri uani, boksi jipya linalojikata lenyewe ukitokea mzozo, halisubiri moto kama lile la kwanza. Na kwenye korido, hapa naomba ukae chini, nimeweka swichi mbili za taa moja. Moja mlangoni mwa sebule, nyingine ndani ya jikoni. Mama anawasha huku, anashuka jikoni kwenye mwanga, anazimia kule. Hatavuka giza tena. Lile shimo la swichi ya Baba nimeliziba, nikapiga plasta, nikapaka rangi. Ukipitisha kiganja hujui kama palikuwa na kitu. Nilijisifu mwenyewe maana wa kunisifu hakuwepo.

Mama anasema nyumba imependeza. Alipitisha mkono ukutani mwanzo mpaka mwisho, polepole, akasema, "Mwanangu, umelainisha kila kitu."

Ila kuna hitilafu inanisumbua akili. Nikifika mchana nakuta taa ya korido inawaka, jua kali nje. Juzi nimepita jioni, giza limeshaingia, nyumba nzima imezimwa na Mama ameketi sebuleni na redio yake. Namuuliza, "Mama, mbona giza?" Ananijibu, "Aa, swichi zako hizi zinajiamulia." Nikabadilisha swichi ya mlangoni. Hali ileile. Nikabadilisha na ya jikoni. Nimefungua viungio vyote na kuvikaza upya. Nahisi kuna waya unagusa mahali, sijui wapi. Fundi mzima nimegeuka kichekesho.

Jambo jingine dogo. Mama siku hizi hapiki. Mwanamke aliyekuwa hali chakula cha mkwewe bila kukitolea kasoro, sasa anataka tumletee. Anasema amechoka. Naona ni vumbi la plasta.

Na hodi napiga, kwa sauti kama ulivyoagiza. Majirani wanafikiri ni mdai.

Mdogo wako mbishi


19 Aprili

Fyuzi,

Barua yako imekaa njiani mno, nami nimeipata leo. Sina la kukusalimia.

Mama anatoka chumbani? Anafika jikoni? Nijibu hayo kwanza, mengine baadaye.

Acha kutafuta hitilafu kwenye swichi. Haimo humo. Rudisha ile ya korido ilipokuwa, pale ngazi zinapoanza. Bomoa rangi yako, bomoa plasta yako, irudishe leo hiihii. Na kama huwezi leo, basi gonga walau msumari mahali pale, kitu chochote ambacho mkono utakigusa.

Nimebanwa na ahadi, mdogo wangu, siwezi kuandika zaidi. Fanya kwanza, nichukie baadaye.

Dada yako


2 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini upele umekwisha na miguu imepungua.

Huku tunamshukuru Mungu. Mke wangu amepokea krimu. Mtoto wa pili ameng'oka jino na anaidai nyumba nzima zawadi.

Usishtuke. Mama aliteleza bafuni. Maji, sabuni, unajua tena mambo ya wazee. Amevunjika nyonga. Hospitali wamemhudumia, wamesema mfupa kwa umri wake hauna haraka, na kutembea tusubiri tuone. Tumemleta kwangu. Watoto wamehamia sebuleni, wanafurahi, kwao ni kama sikukuu.

Barua yako ilifika siku mbili baada ya hayo. Swichi ya korido nimeirudisha ilipokuwa. Nilipata moja yenye kishikio, kwenye duka la vyuma vikuukuu. Usiseme tena kwamba mimi ni mbishi.

Mama anakula kidogo. Anakusalimu.

Kazi ni nyingi siku hizi, kila mwenye nyumba kuukuu mkaguzi amempitia. Ndiyo maana barua hii ni fupi.

Mdogo wako


24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako siku nyingi. Niliomba ruhusa ya kuja, mkuu akanikatalia mpaka shule ifungwe. Anasema wasichana mia wana mama mmoja tu. Nikamwambia na mimi ninaye mmoja. Akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Umeirudisha swichi. Sasa ataigusa nani?

Nitakwambia niliyoyaficha, kwa sababu sioni tena ninachokilinda. Mama haoni. Siyo kwamba anaona kwa shida. Haoni kitu. Ile likizo aliyokuja huku, unakumbuka ulimpakia mwenyewe kwenye basi ukanitumia na mkungu wa ndizi, nilimkuta anammiminia chai mgeni, kikombe kimejaa, chai inafurika mezani, naye anaendelea kuongea na kutabasamu. Nikampeleka kwa daktari wa macho. Alimmulika muda mrefu, akazima kitaa chake, akaniambia mimi, siyo yeye, kwamba tumechelewa sana. Mama akasema, "Sema kwa sauti, daktari. Macho ndiyo mabovu, masikio ni mazima."

Usiku ule alinishika mkono akauweka magotini kwake. "Usimwambie mdogo wako. Yule akijua atanichukua siku hiyohiyo. Ana moyo mwepesi, atalia, halafu atanibeba na godoro. Mkijua wote wawili, nyumba siyo yangu tena." Nikaapa. Nilidhani ninamheshimu.

Nyumba ile aliijua kwa kiganja, Fyuzi. Swichi za Baba ndizo zilikuwa macho yake. Akiigusa ya chumbani anajua mlango uko wapi. Akiigusa ya korido anajua mguu unaofuata ni ngazi. Na alikuwa anawasha taa kila jioni, akisikia jirani anaita wanawe ndani. Hakuwasha ili aone. Aliwasha ili ninyi mkipita mseme, Mama yupo, Mama mzima. Kishikio kikiwa chini inawaka, kikiwa juu imezimwa. Hizo mbili zako za taa moja hazina chini wala juu inayoaminika. Ya huku imelala, ya kule imesimama, kila siku tofauti. Mtu asiyeona atajuaje?

Nilijaribu kukwambia bila kukwambia. Nilidhani neno "Baba" litatosha.

Na sasa nakuuliza, nawe usinipige chenga. Bafuni kwa Mama hukugusa kitu. Uliniambia mwenyewe zamani kwamba bafu lile halina swichi ndani, na taa yake inawashiwa korido. Bafuni alikuwa anapajua kuliko mimi ninavyoujua mfuko wa aproni yangu. Hakuteleza bafuni. Niambie.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Shikamoo.

Mkaguzi alikuja mwisho wa mwezi kama alivyoahidi. Alipima kila soketi, akabonyeza kila swichi, akalisifu boksi. Alisema hajaona nyumba ya umri ule iliyofungwa vizuri hivyo, akanipa mkono. Nikafunga mlango nyuma yetu. Ndani hamna mtu. Ina umeme mzuri sana.

Mama yuko kitandani kwa watoto, amegeukia ukutani. Daktari ameacha kusema tusubiri. Hajauliza habari za nyumba hata siku moja, nami ningefurahi akiuliza, au akinitukana. Jioni nikiingia nabonyeza taa ya chumba, naye ananiambia, "Ahsante, kulikuwa na giza." Mimi namjibu, "Karibu, Mama." Sijamwambia kwamba najua. Wala yeye hajaniambia. Tunaishi hivyo, watu wazima wawili. Mke wangu anatoka nje kila tukifanya mchezo huo.

Umeuliza. Nakwambia kama ilivyokuwa.

Nilikwenda kwake siku ile na swichi nyingine mpya mfukoni, nikiwa nimeapa kwamba hitilafu hii leo inaisha. Nikasimamisha ngazi kwenye korido chini ya taa, nikapanda. Taa ilikuwa inawaka, mchana kweupe kama kawaida. Mama alitoka chumbani aliposikia sauti yangu. Nilifurahi kumwona, maana alikuwa hatoki. Amevaa ile kanga yake ya nyumbani, mkono mmoja ukutani.

Nikamwambia, "Afadhali umekuja, nahitaji msaidizi. Nenda jikoni unizimie hii taa kwa swichi ya kule, nione kama inatii."

Akasema, "Leo nimeajiriwa?"

"Umeajiriwa. Mshahara ni soda."

"Ya baridi," akasema. Akaanza kwenda.

Angeweza kukataa, Dada. Angeweza kusema amechoka. Lakini nilimwomba kitu anachofanya kila mama, kuzima taa, na angekataa ingebidi anipe sababu.

Alikwenda kiganja kikiteleza ukutani. Alipofika mwisho, pale palipokuwa na swichi ya Baba, kiganja kikasimama. Kikaanza kutafuta. Juu, chini, kikarudi nyuma kidogo, kikaenda mbele. Anaupapasa ukuta mtupu, na taa inawaka juu ya kichwa chake. Mimi nimo juu ya ngazi, naona kila kitu. Nafasi yangu ilikuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote duniani.

Nikacheka.

Nilidhani ananitania. Unamjua Mama kwa utani. Nilidhani anaidhihaki plasta yangu. Nikamwambia kwa sauti, "Mama, unampapasa nani hapo? Haipo hiyo, ni kule jikoni! Utafikiri mgeni kwenye nyumba yako mwenyewe!"

Mkono ukaganda. Kisha na yeye akacheka. Alicheka vizuri kabisa, siwezi kukwambia kulikuwa na kasoro kwenye kicheko kile, nimekisikiliza tangu siku ile na sijaipata. Akasema, "Najua bwana. Naangalia kazi yako kama imekauka."

Akauondoa mkono ukutani. Akainyoosha shingo. Akatembea katikati ya korido, haraka, kifua mbele, kama mtu anayeona, ili mimi nimwone.

Ngazi zile za jikoni ni tatu tu.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka bisibisi ikibingirika mpaka jikoni. Alikuwa amelala chali chini ya ngazi, mguu umekaa vibaya, uso umeelekea juu, na mwanga wa taa ya korido umemwangukia wote usoni. Macho yake yako wazi. Nikapiga magoti. Nikamwita. Hakulia, hakusema anaumwa. Alinitafuta kwa mkono mpaka akalipata shati langu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa siku ya kwanza:

"Imezimika?"

Sijui kwa nini nilijibu nilivyojibu. Nilitaka tu kitu kimoja kiwe kimekwenda sawa kwake. Taa inawaka, inammulika, hapepesi hata ukope. Nikasema, "Imezimika, Mama."

Akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo," akasema. "Nimeona."